Kikombe Alichokiweka Chini Fundi Muayad

Fundi Muayad hakuwahi kuwa mtu wa makelele. Duka lake pale Ashar, Basra, ni uchochoro tu uliotiwa mlango wa bati: wakiingia wawili, wa tatu asubiri nje. Miaka kumi na tisa amekaa humo akifungua matumbo ya kompyuta, na kilichompa jina mjini ni ile hila yake ya swichi nyekundu.

Nyuma ya kompyuta za zamani pana kijiswichi chekundu cha kuchagua umeme, upande mmoja mkubwa, upande mwingine mdogo. Julai ikiingia na mji mzima ukawasha viyoyozi, umeme unaofika majumbani unakuwa umechoka taabani, hata feni inazunguka kwa kujilazimisha, na kompyuta zinagoma kuwaka. Muayad huja, akapitisha mkono nyuma, akakisukuma kijiswichi upande wa umeme mdogo, na kompyuta hiyo, imewaka. Watu humwombea dua. Dawa hiyo ina sharti moja tu: umeme mkubwa ukirudi, swichi nayo irudi. Usipoirudisha, utasikia mshindo.

Na mwanadamu ameumbwa msahaulifu, fundi naye ni mwanadamu.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Saa tatu asubuhi Jasib alisimamisha gari mbele ya duka. Jasib ni pande la mtu, mpwa wa Haji Mijbil, mkubwa wa ukoo wa Albu Shatnan, na kazi yake katika ukoo ni kusimama mlangoni.

"Abu Tabarak, funga duka," alisema. Huko mwanamume huitwa kwa jina la mwanawe, na Tabarak ni binti wa Muayad. "Haji anakuita. Kompyuta ya ukumbini leo asubuhi imelia paa! Moshi ukatoka, kahawa ikamwagika, wazee wakapiga shahada."

Muayad aliikumbuka swichi. Wiki tatu nyuma alikuwa amekwenda ukumbini kwa Haji, umeme ukiwa hoi, akaisukuma ile swichi na kusema, "Kwa leo tu, Haji. Jumamosi nitapita kuirudisha." Jumamosi ndiyo walikuja watu kumposa Tabarak. Sharubati ikanywewa, vigelegele vikapigwa, na swichi ikasahauliwa kabisa. Naye Haji swichi haijui ni nini. Alichojua yeye ni kwamba fundi kaja, kompyuta imewaka.

"Ina nini ndani?" aliuliza Muayad garini, ingawa alikuwa akijua.

"Kuna nini kingine? Shajara."

Shajara ndiyo mti wa ukoo. Haji Mijbil alikuwa ametembea miaka kumi na mbili, kijiji hadi kijiji, akiandika nani mwana wa nani mpaka babu wa kumi na nne. Nakala hakuwa nayo hata moja. Hakutaka. Alisema shajara ikitoka nje ya ukumbi, kesho utaona jina la mtu asiyejulikana limepandikizwa tawini, na huyo atadai kukaa karibu na wewe mazishini. Na Alhamisi hiyohiyo, baada ya Alasiri, wazee wa tawi la Amara walikuwa wanakuja kusomewa majina yao na kuyakubali.

"Ikipotea?" aliuliza Muayad.

Jasib alicheka, kicheko kisichokuwa na ubaya hata kidogo, na hicho ndicho kilichomtisha zaidi. "Si unamkumbuka yule daktari wa meno jirani yako?"

Alimkumbuka sana. Daktari alimng'oa mzee mmoja jino silo, na asubuhi yake akakuta mlango wake umeandikwa kwa rangi nyekundu: ANATAKIWA NA UKOO. Maneno matatu tu. Mlango ukiandikwa hivyo hakuna mteja anayeugusa, hata muuza maji anavuka barabara. Daktari alihamia Erbil, na mkewe mpaka leo analilia mitende ya kwao.

Ukumbi wa Albu Shatnan ni mrefu, mikeka na mito imepangwa ukutani pande zote mbili. Kompyuta ilikuwa kwenye kona ya mwisho, juu ya meza, na harufu ya kuungua ilikuwa bado inanuka. Haji Mijbil alimpokea kwa mabusu mawili mashavuni.

"Karibu mgeni wetu. Mtenda uovu nimeshamshughulikia. Uleiwi, ndiye aliyebonyeza kitufe. Nimemfukuza."

"Uleiwi wa kahawa?"

"Huyohuyo. Miaka thelathini anatupikia kahawa, na asubuhi moja anateketeza babu kumi na wanne! Kwenda zake!"

Muayad alifungua kinywa. Haji alikuwa amemshika mkono kwa mikono yake miwili. Kinywa kikajifunga chenyewe.

Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Uleiwi maskini hakujua hata kwamba kompyuta ina swichi nyuma. Haji alimwambia washa, akawasha. Umeme mkubwa ulikuwa umerudi alfajiri hiyo kwa nguvu zake zote, ukaikuta swichi imekaa vibaya. Basi. Muayad alipiga magoti nyuma ya meza, akaiona swichi palepale alipoiacha. Alitazama mlangoni, Jasib alikuwa anakuna mgongo. Kwa ukucha wa kidole gumba akairudisha, tik. Mimi simtetei. Hapo ndipo alipokosea, na yeye mwenyewe husema hivyo.

Boksi linalopokea umeme lilikuwa limeungua. Alilitoa, akafunga jingine alilokuja nalo. Akabonyeza. Feni ikazunguka, taa ikawaka, skrini ikaonyesha alama ya mwanzo, na wazee wawili waliokuwa wameegemea mito wakasema alhamdulillahi. Kisha skrini ikamulika rangi ya buluu, mara moja tu, ikawa nyeusi, na kompyuta ikaanza upya. Alama. Buluu. Giza. Alama. Buluu. Giza.

"Inafanya nini?" aliuliza Haji.

"Inajitafuta, Haji."

"Ijitafute upesi."

Alichomoa vipande vya kumbukumbu, akavisugua meno yake kwa kifutio cha penseli, akavirudisha. Alama, buluu, giza. Akachomoa kila kisichohitajika, akabakiza diski peke yake. Alama, buluu, giza. Akaitia diski sikioni: ilikuwa inazunguka vizuri, haigongi. Akabadili waya wake. Hali ni ileile. Jasho lilimtiririka mpaka ndani ya soksi.

"Haji, nipe ruhusa niichukue diski dukani. Nina kompyuta nyingine, naifunga humo, ndani ya saa moja tutajua."

"Shajara haitoki."

"Basi niende mimi nikalete vifaa."

"Mgeni wetu hatoki bila kula," alisema Haji kwa upole, na Jasib akajisogeza sentimita kumi, akaujaza mlango.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu walimpa bisibisi siku ya kwanza, na heshima zote juu yake. Hakuna aliyemwambia amefungwa. Akisimama, analetewa maji. Akitazama mlango, anaulizwa kama mto haumfai. Alipoomba kwenda msalani Jasib alimsindikiza, akasimama nje akiimba. Mchana uliletwa wali na samaki mkubwa wa kuokwa, wakamwekea yeye shavu la samaki, sehemu ya mgeni wa heshima. Alikuwa amekalia kuti kavu, na waliomkalisha walikuwa wanamzidishia mchuzi.

Aliyeshika dele la kahawa siku hiyo alikuwa Jasib mwenyewe, maana Uleiwi hayupo. Ilikuwa kahawa ya ajabu, nusu yake masimbi, yale makapi yanayotuama chini.

"Kunywa, Abu Tabarak, usiweke kikombe chini," alimtania. "Watadhani una haja."

Hiyo ndiyo desturi yao. Mgeni akipewa kahawa akaiweka chini bila kuigusa, maana yake ana haja kwa mwenye nyumba, na hanywi mpaka aambiwe haja yako imekubaliwa. Muayad aliinywa yote, pamoja na masimbi.

Saa tisa ilipokaribia alikuwa bado hana kitu. Alikaa tu akiitazama ile skrini ikijirudia, akimfikiria Nidhal mkewe, na Tabarak, na mchumba wa Tabarak aliyetoka ukoo wenye majivuno. Nani ataoa kwenye mlango uliopakwa rangi? Akabonyeza kitufe cha kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio, kwa kukosa la kufanya, na macho yake yakaangukia kwenye tarehe.

Kompyuta ilisema ni mwezi wa Januari, mwaka elfu mbili na tisa.

"Eeeh!" alipiga kelele mpaka mzee mmoja akaamka. "Mpumbavu mimi! Mpumbavu, mwana wa mpumbavu!"

"Mwache marehemu baba yako," alisema Haji. "Kuna nini?"

"Imesahau, Haji! Ndani yake kuna betri ndogo, bapa kama kifungo cha koti. Ndiyo inayoikumbusha mambo yake: leo ni tarehe ngapi, diski isomwe kwa njia gani. Betri imekufa. Sasa inaisoma diski kwa njia ya zamani, na diski iliandikwa kwa njia mpya. Shajara ni nzima! Haijaungua! Mlango wake ndio unaofunguliwa kwa ufunguo usio wake."

Alibadili neno moja katika ule ukurasa, akahifadhi. Alama ikatokea. Buluu haikuja. Ikaja picha ya Haji Mijbil akiwa amesimama mbele ya mtende, na pembeni yake faili lenye jina la ukoo. Haji alilifungua, na majina yakamwagika chini kama shanga zilizokatika uzi, Shatnan mwana wa Hamud mwana wa Fayadh. Haji akalia machozi bila kuona haya. Muayad naye macho yalimlowa, ila yake yalikuwa ya kuona kwamba sasa ataachwa atoke.

Hapohapo umeme wa serikali ukakatika.

Jenereta ya mtaa ilichukua dakika mbili kuingia. Kompyuta ikawashwa. Alama. Buluu. Giza.

Jasib akaacha kuegemea mlango, akasimama wima.

"Abu Tabarak," alisema Haji polepole, "unatuchezea?"

"Wallahi sichezi. Kila umeme ukikatika itasahau tena, maana betri ni maiti. Naitaka betri. Duka langu lipo dakika ishirini..."

"Wageni wa Amara wamefika darajani. Hapa hatoki mtu."

Alizungusha macho ukumbini kama mtu anayetafuta pa kutokea. Saa ya ukutani: betri yake nene. Redio: nene vilevile. Kisha akaona kitu kinaning'inia kidoleni mwa Jasib, kinazungushwa tangu asubuhi.

"Jasib, ndugu yangu. Hicho kifungulia gari."

"Kina nini?"

"Ndani kina betri ya duara. Nipe."

"Gari langu nitalifungua na nini?"

"Na ufunguo, kama baba yako alivyokuwa akifungua!"

Wazee walicheka, Haji akanyoosha mkono, na Jasib akatoa kifungulia gari chake kwa uchungu. Betri ilikuwa ileile, saizi ileile. Muayad aliitia mahali pake, akarudisha mpangilio wa diski, akaandika na tarehe ya leo. Majina yakarudi. Kwa kuhakikisha akachomoa waya ukutani mbele ya watu wote, akahesabu mpaka thelathini, akachomeka tena. Majina yakarudi. Mara ya pili vilevile. Kisha akaomba flashi ampatie Haji nakala moja, aivae shingoni kama hirizi kama hataki itoke, na Haji, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mbili, akakubali.

Wazee wa Amara waliingia baada ya sala. Walisomewa majina yao, wakasahihisha mawili, wakagombana kwa moja, wakakubali. Haji Mijbil aling'ara. Alimkalisha Muayad mkono wake wa kulia, akawaambia wageni kwamba huyu ndiye aliyewatoa babu zao kaburini mara ya pili.

"Na aliyewazika?" aliuliza mzee mmoja wa Amara.

"Mpika kahawa wetu, mtu hana akili. Hatakanyaga hapa tena. Na nimepeleka habari kwenye kumbi zote, asipewe dele popote."

Jasib alikuwa anazunguka na kahawa. Akamfikia Muayad, akammiminia. Mlango ulikuwa wazi, hakuna aliyeuziba. Kilichobaki ni kunywa mafunda mawili, kukitikisa kikombe ishara ya kutosheka, kuaga, kwenda nyumbani kwa mkewe. Boksi lililoungua lilikuwa ndani ya mkoba wake. Ushahidi mwingine haukuwepo duniani, isipokuwa ukucha wa kidole chake. Akamfikiria Uleiwi, mtu wa miaka sitini na ushei, ambaye hajui kazi nyingine ila kujua nani anapenda hiliki na nani hapendi.

Muayad akakiweka kikombe chini.

Haji alikitazama kikombe, akatabasamu kwa furaha. "Ahaa! Fundi ana haja. Kunywa kahawa yako, Abu Tabarak, haja yako imekubaliwa, iwe ni nini."

"Uleiwi arudi."

"Uleiwi?" Tabasamu lilipungua. "Neno limeshanitoka. Atarudi. Lakini kwa nini?"

Hapo angeweza kusema, "Kwa huruma tu, Haji, mzee wa watu." Na angeaminiwa. Lakini alikuwa amechoka kubanwa na siri hiyo.

"Kwa sababu hakufanya kosa. Swichi ya nyuma niliigeuza mimi, wiki tatu zilizopita, nikasahau kuirudisha. Nimeirudisha leo asubuhi kwa kuiba, mkiwa hamuoni. Shajara ningeiua mimi, si yeye."

Haji Mijbil alizungusha tasbihi, na alipozungumza hakupandisha sauti.

"Siku nzima umekula chakula changu, na ukweli umeukalia. Mtu wangu wa miaka thelathini nimemtukana mbele ya wanawe."

"Ndiyo, Haji."

"Haja yako nimeikubali, Uleiwi atarudi leo hii. Kunywa." Akangoja mpaka Muayad akameza. "Lakini umemwombea yeye, Abu Tabarak. Wewe mwenyewe hukujiombea."

Jasib alimrudisha nyumbani bila kuimba. Nidhal alipoambiwa alikaa kitini, akavua kitambaa, akakivaa tena. "Ulikuwa na haja moja tu," alisema, "ukampa mpika kahawa?" Halafu akaanza kulia. "Na ungempa nani mwingine? Hebu kula, mume wangu." Hawakula.

Alfajiri Muayad alishika njia ya Ashar, akitaka angalau atoe vifaa vyake kabla soko halijajaa. Kona ya mwisho alitembea ameinamisha kichwa. Alipokiinua aliona mtu amekaa kwenye kigoda mbele ya duka, mgongo ameubandika kwenye mlango wa bati, dele la kahawa likiwa juu ya jiko dogo la mkaa miguuni pake.

"Umechelewa," alisema Uleiwi. "Kahawa imechemka mara tatu."

"Umefika saa ngapi?"

"Kabla ya adhana. Jana wamenirudisha, nikasikia vijana wanachanganya rangi. Wakaja wawili na kopo lao. Nikawaambia andikeni, mimi siondoki, nimeegemea. Wakasema, Ami Uleiwi, jisogeze kidogo. Nikawaambia mgongo wangu unauma, mwandikeni yeyote mnayemtaka hapa kifuani pangu, kisha mkamweleze Haji mliyemwandika ni mtu wake." Alifuta kikombe kwa kitambaa. "Wameondoka. Watarudi, na mimi nitarudi. Asubuhi ukumbini sina kazi mpaka saa mbili."

Alipojisogeza kumpisha, Muayad aliona kwamba walikuwa wameshaanza kabla mzee hajafika. Juu ya bati palikuwa na herufi moja ya Kiarabu, ile inayoanza neno lao la "anatakiwa", duara dogo jekundu na mkia wake, rangi imechuruzika kidogo.

Siku ya tisa wale vijana waliacha kuja. Haji hajasema neno mpaka leo, si la msamaha si la hasira, na Muayad kila asubuhi huutazama mlango kabla hajatoa ufunguo mfukoni. Ile herufi hakuifuta. Asubuhi ile ya kwanza Uleiwi alimmiminia kikombe, naye akakipokea akiwa amesimama, akakinywa chote, kisha akakinyoosha amiminiwe tena.